Kusuka ringi ya baiskeli mwenyewe nyumbani, spoku 36

Haya wanangu karibuni, leo tupo hapa Mbeya uani kwangu tunasuka ringi ya nyuma ya baiskeli kuanzia habu tupu, yaani kile kitovu cha katikati kinachoshika spoku, maana wengi mnanunua vipuri Mwanjelwa halafu mnaogopa kuvifunga. Na huku kwetu ringi ya nyuma ndo inayobeba kila kitu, mtu anapakia gunia la viazi toka Uyole, ringi ikiwa imesukwa ovyoovyo spoku zinaanza kukatika moja moja.

Unahitaji habu ya matundu 36, ringi ya matundu 36, spoku zenye urefu unaoendana na hizo, nati zake, spana ya spoku na mafuta kidogo. Chovya nyuzi za kila spoku, ile mikato ya kufungia nati kwenye ncha, kwenye mafuta kabla hujaanza, usiache, nati ikifunga kavu baadae haigeuki inazunguka na spoku yake.

Anza upande wa kulia wa habu, ule wa mnyororo, ingiza spoku 9, tundu moja weka moja ruka, kichwa kibaki nje. Ya kwanza peleka kwenye tundu la ringi lililo jirani na tundu la valvu, funga nati mizunguko miwili mitatu tu. Inayofuata unaruka matundu matatu unaingiza la nne, hivyohivyo mpaka zote tisa.

Sasa upande wa kushoto, angalia hapa kwa karibu, matundu ya kushoto hayajalingana na ya kulia yamekaa katikati yake, kwa hiyo spoku ya kushoto inakaa pembeni kabisa ya ile ya kwanza, upande ulio mbali na valvu, na hizo mbili zisikatane. Endelea na tisa zako.

Shika habu uizungushe mpaka spoku zilale, ile ya jirani na valvu iegemee mbali na valvu, ukizungusha kinyume pampu haitapata nafasi ya kuingia.

Zilizobaki 18 zinaingia toka ndani kwenda nje na zinalala kinyume na zile. Kila moja inakatiza tatu za upande wake, mbili za kwanza pita juu yake, ya tatu pita chini yake, hapo ndo zinashikana. Ikigoma usiilazimishe, ipinde kidogo tu kwa mkono.

Kukaza ndo kazi yenyewe na hapa naomba tulia. Kaza zote mpaka nyuzi zimejificha ndani ya nati, zote sawa, kisha anzia kwenye valvu zunguka ringi nzima nusu mzunguko kila nati, rudia taratibu, usikaze moja mpaka mwisho ukaacha jirani yake imelegea, ringi inapinda hapohapo. Ukiangalia toka upande wa tairi, kukaza ni kwenda na mshale wa saa.

Geuza baiskeli miguu juu, weka ringi, funga kipande cha waya kwenye fremu kiguse kidogo pembeni ya ringi, zungusha. Ikivutia kulia, pale inapogusa legeza kidogo za kulia kaza za kushoto, robo mzunguko tu. Ikiwa na nundu inaruka juu, kaza za pande zote mbili pale kwenye nundu. Halafu gonga spoku kwa kidole usikilize, za upande mmoja zilie karibu sawa, inayolia nzito imelegea.

Shika spoku mbilimbili uzikamue kwa nguvu kiganjani kuzunguka ringi nzima, utasikia zinalia tik tik, zinajipanga, kisha nyoosha tena. Ncha za spoku zilizotokeza juu ya nati zipige tupa, kata utepe wa tyubu ya zamani ufunike nati zote, ndo uvae tyubu na tairi. Ukishatembea nayo siku chache bila mzigo irudishe kwenye waya uikague tena, kwa sababu spoku mpya zinalegea kidogo, baada ya hapo pakia gunia lako.