Mchanga Mweupe, Udongo Mwekundu: Kwa Baiskeli Nyuma ya Barabara ya Malindi

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko hapa Kilifi, na mwenzangu ni Kazungu, mzaliwa wa Gede. Juzi nilitoka Kilifi kwenda Watamu kwa baiskeli, nikafuata lami mwanzo hadi mwisho. Nilifika salama, alhamdulillahi, lakini moyo ulikuwa mkononi. Kila lori likipita upepo wake ulinisukuma hadi kwenye majani. Kazungu aliposikia hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Mbona hukupita ndani?"

KAZUNGU: Kwa sababu ndani kupo, dada Zuhura! Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, ukishakaribia Gede, upande wako wa bahari una Mida Creek, hori ya bahari yenye mikoko, na upande wa bara una msitu wa Arabuko-Sokoke. Watu hupita na matatu, wakaona miti, wakasema ni kichaka. Kichaka hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Katika misitu mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, hakuna unaoushinda kwa ukubwa. Na ndani mna njia pana za udongo ambazo unaweza kuendesha asubuhi nzima usisikie injini.

ZUHURA: Mtu anaingilia wapi?

KAZUNGU: Kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu. Unajiandikisha, unalipa kiingilio, unachukua kiongozi. Na hapo kwenye kiongozi sipunguzi neno. Mle mna tembo. Alfajiri na jioni tembo wanatumia njia hizo hizo zetu, na kiongozi akiona kinyesi anajua ni cha usiku au ni cha nusu saa iliyopita. Wewe na mimi tunaona kinyesi tu.

ZUHURA: Haya, tumeingia. Tairi linakanyaga nini?

KAZUNGU: Ewaa, hilo ndilo swali. Msitu ule si mmoja, ni mitatu, na kila mmoja una ardhi yake. Ukitoka upande wa Gede kuelekea bara, kwanza unapata msitu mchanganyiko, mna mibambakofi, na chini ni mchanga wa kijivu uliokanyagwa ukashikana. Hapo unateleza tu, kivuli juu, majani chini. Mbele yake mnakuja miti ya mirihi. Miti inaachana, mwanga unaingia, na ardhi inageuka nyeupe kabisa, kama ufukwe uliosahauliwa mbali na bahari. Ule mchanga hauna rutuba, na kwa mwendesha baiskeli hauna huruma. Ukishauvuka, upande wa magharibi, udongo unakuwa mwekundu, vichaka vinabana, na tairi linapata mahali pa kushika tena.

ZUHURA: Kwa hiyo naweza kujua nimefika wapi kwa kutazama vumbi kwenye soksi.

KAZUNGU: Kabisa. Na ndege wanajua vilevile. Yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye mwili wake hauzidi kiganja, makao yake ni kule kwenye udongo mwekundu. Mchana analala kwenye vichaka, unaweza kusimama mita mbili kutoka kwake usimwone mpaka kiongozi akunyooshee kidole. Sange wa makalio ya dhahabu, kamnyama kadogo ka msituni, naye unamsikia kwanza. Anafukua majani makavu kwa pua ndefu, kisha anachomoka mbio, na nyuma yake pana rangi ya manjano kama kitambaa. Kwenye gari humsikii. Baiskeli inakupa masikio.

ZUHURA: Turudi kwenye ule mchanga mweupe, maana najua wasikilizaji wengi watakwama hapo.

KAZUNGU: Mimi nimekwama hapo. Mara ya kwanza niliingia saa tano asubuhi, jua limeshapanda, nikiwa na matairi membamba yaliyojazwa upepo hadi yakawa magumu kama mti. Gurudumu la mbele lilizama, likakata kona lenyewe. Nilisukuma baiskeli karibu saa nzima. Maji yaliisha. Nikakutana na mama amejitwika kuni, akatua mzigo wake, akanipa maji ya kwenye kidumu chake, akanionyesha njia ya kutokea. Hakuniuliza natafuta nini msituni. Aliniuliza nimekula.

ZUHURA: Subhanallah. Sasa unafanyaje?

KAZUNGU: Tairi pana, inchi mbili ikiwezekana. Toa upepo mpaka ukibonyeza kwa dole gumba libonyee kidogo. Badilisha gia kabla hujaingia mchangani, kwa sababu ukishazama umechelewa. Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, usukani ushike kwa ulaini, uiache baiskeli iyumbe. Na uende mapema, umande ukiwa bado umeushika mchanga.

ZUHURA: Na mvua? Mimi ningefikiri mvua inaharibu kila kitu.

KAZUNGU: Mvua inagawa. Ikinyesha, mchanga unashikana na unakuwa mtamu. Lakini udongo mwekundu ukilowa unageuka ugali, unajaza nafasi yote kati ya tairi na fremu, gurudumu halizunguki. Kwa hiyo wakati wa masika mimi hubaki upande wa mashariki, na kiangazi kikikaza naomba kupitishwa Jilore, kaskazini, kwenye udongo mwekundu.

ZUHURA: Jambo jingine nililojifunza kwako ni la upepo.

KAZUNGU: Ah, pwani huwezi kupanga safari kama hukuwauliza wavuvi. Kusi ikivuma, anza Kilifi uende Malindi, unasukumwa mgongoni. Ikiingia kaskazi, panda matatu na baiskeli yako hadi Malindi, urudi chini. Jahazi zimefanya hivyo kwa karne nyingi, nasi tunafuata.

ZUHURA: Mimi napenda upande wa bahari zaidi, nikiri. Zile njia za vijijini kuzunguka Mida, kati ya minazi na mikorosho, mikoko upande mmoja. Ni nyembamba, baiskeli na mtu hawapishani mpaka mmoja asimame. Pale pana daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko, na malipo ya kulivuka yanaingia kwenye karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Nenda maji yakiwa yamekupwa, uone ndege waliotoka Ulaya na Asia wakidonoa matopeni.

KAZUNGU: Kisha Gede magofuni.

ZUHURA: Ni mwendo mfupi tu. Mji ulioanza karne ya 12 na kuachwa karne ya 17, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Baiskeli unaiacha langoni. Mlemle kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993: wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi vya vipepeo hadi viwe pupa, na pupa hao wanauzwa nje ya nchi. Kwa hiyo msitu ukisimama, wao wanakula.

KAZUNGU: Niongeze moja, nalo linaniuma. Sisi wa baiskeli tunapenda kusema "njia tupu". Hakuna njia tupu. Ile njia ni ya yule mama wa kuni. Ni ya watoto wanaokwenda shule, na ya baba mwenye baiskeli ya Black Mamba aliyefunga magunia mawili ya nazi, bila gia hata moja, ambaye amepita pale miaka ishirini kabla sisi hatujanunua tairi pana. Nimeona kundi likipita kijijini kwa kasi, kuku wanaruka, mzee anarukia miibani. Hakuna aliyesimama.

ZUHURA: Hilo si sawa hata kidogo. Piga kengele mbali, punguza, toa salamu. Ukikuta mzee njia ikiwa nyembamba, shuka, mwamkie, apite yeye.

KAZUNGU: Na ukiona msitu mdogo mnene juu ya kilima, uliza kabla hujageuza usukani. Huenda ni kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Kaya kadhaa ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini kabla ya hapo na baada ya hapo ni za wazee. Humo hatuingii na baiskeli. Mashamba ya mkonge ya Vipingo nayo yana njia nzuri zilizonyooka, ila ni mali ya mtu: omba ruhusa getini.

ZUHURA: Jumamosi unanipeleka?

KAZUNGU: Saa kumi na mbili kasoro, kituo cha Gede. Lete lita tatu za maji, tyubu mbili na viraka. Mahamri na mbaazi nitanunua mimi.

ZUHURA: Na kidumu cha ziada nitabeba, tukikutana na yule mama.