Bastola haina bega: kuijaribu uwanjani kabla ya kutoa fedha

Mwangaluka, wazee wangu, kina mama, na vijana wa kampuni za ulinzi mliojibanza huko nyuma. Hapa Tabora msimu wa tumbaku ukifunguka fedha hutembea, na mwenye fedha huanza kuulizia bastola. Swali ni lilelile kila mara: ipi nzuri? Halina jibu mpaka mkono wako uonekane. Kwa hiyo leo tutazungumzia kuzijaribu bastola uwanjani kwa risasi za kweli, kabla hujampa muuzaji hata shilingi.

La kibali nalipita haraka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala, na mlango wake ni polisi. Kujaribu hakukupi ruhusa ya kuondoka na silaha. Utapiga mbele ya mkufunzi, na ukimaliza silaha inabaki kwa mwenye leseni yake. Anayekwambia "chukua ukaijaribie porini" anakutafutia kesi.

Huku Unyamwezi bunduki si kitu kigeni. Rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, walibeba magobole ya kushindilia baruti kwa mdomoni. Lakini gobole lina kitako, kitako kinaegemea bega, na bega husamehe makosa mengi ya mkono. Bastola haina bega. Inaning'inia hewani kwenye viganja viwili, na kila kosa la vidole linaonekana kwenye karatasi. Ndiyo maana bastola inayomkaa jirani yako sawasawa inaweza kukushinda wewe.

Anza ikiwa tupu. Toa magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini; vuta slaidi, chuma cha juu kinachorudi nyuma; tazama chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Magazini hutoka kwanza. Ukikoki, yaani ukivuta slaidi na kuiachia, kwanza halafu ukatoa magazini, umeshapandisha risasi mpya chemba na unadhani silaha ni tupu. Ajali nyingi za "sikujua kama imejaa" huanzia hapo.

Sasa ishike. Panda ya kidole gumba na cha shahada ikae juu kabisa, chini ya mkia wa mpini, na mtutu unyooke sawa na mfupa wa mkono wako. Bila kuizungusha, peleka kidole cha shahada kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ndiyo inayotakiwa kugusa triga, si kiungo. Kidole kisipofika mpaka uigeuze bastola mkononi, mpini huo ni mnene kwako. Ukiigeuza, teke la bastola inapolia litaangukia kwenye kifundo cha kidole gumba badala ya kurudi moja kwa moja mkononi, na baada ya risasi thelathini utakisikia. Kidole kikipita sana, nao mpini ni mwembamba, na utakuwa unavutia kwa kiungo na kusukuma mtutu pembeni. Angalia pia kidole kidogo. Kwenye bastola ndogo mara nyingi hukosa pa kukaa, na hapo umepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kushika.

Halafu koki mara kumi. Kina mama wengi, na wazee wenye maumivu ya viungo, huambiwa wachukue bastola ndogo kwa sababu ni nyepesi. Ushauri huo ni wa haraka mno. Walther PPK ya 9x17 (upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita) ni ndogo, lakini slaidi yake haifungamani na mtutu wakati wa kupiga. Kinachoizuia ni uzito wake na springi tu, hivyo springi yake lazima iwe ngumu. Makarov ya 9x18 ni hivyohivyo. Glock 19 ya 9x19 ni kubwa zaidi na hupiga risasi yenye nguvu zaidi, ila mtutu na slaidi hufungamana kwa muda mfupi kabla ya kuachana. Wengi huona slaidi yake ni rahisi kuvuta na teke lake ni la kusukuma, si la kuchoma. Na ukikoki, usibane slaidi kwa vidole viwili kama unayechuna embe. Ikamate kwa kiganja chote kutoka juu, kisha mkono wenye mpini usukume mbele huku huu mwingine ukivuta nyuma.

Umesikia 9x17, 9x18, 9x19. Zote watu huziita "milimita tisa", na haziingiliani. Soma kilichochorwa kwenye mtutu, kisha usome kitako cha risasi. Kabla hujapenda bastola, uliza duka lenye leseni kama risasi zake zinapatikana mwaka mzima. Usipozipata, hutafanya mazoezi.

Tukienda uwanjani, chukua bastola tatu, zisizidi. Ukipiga tano au sita kwa siku moja, ile ya mwisho utailaumu kwa uchovu wa ya kwanza. Moja iwe kubwa, moja ya kati, moja ndogo ya kuficha. Tumia risasi za aina moja kwa zote zinazokula 9x19, la sivyo utakuwa unalinganisha risasi, si bastola. Kama hujawahi kupiga kabisa, omba uanze na ya .22, yenye risasi ndogo, kwa risasi ishirini ili mwili uzoee mlio. Masikioni weka viziba vya ndani na vya kufunika juu, vyote viwili. Mlio wa bastola hufika desibeli 160 hivi, na kinachopita 140 huweza kudhuru sikio kwa mlio mmoja tu.

Kila bastola ipe risasi arobaini. Tano za kwanza piga mita tatu, usijali zinaenda wapi, jua tu inavyopiga teke. Kumi na tano polepole kwa mita saba, kwenye duara la sentimita 15, ukubwa wa kisahani cha chai. Kumi kwa mbili-mbili za haraka. Zilizobaki piga kwa mkono mmoja, tano wa kulia na tano wa kushoto, maana mkono wa pili unaweza kuwa umeshika mtoto au mlango wa gari. Kila bastola na karatasi yake. Andika jina lake pembeni kabla hujapiga, kwa sababu ukimaliza zote zitafanana.

Hapa ndipo bastola ndogo huanguka mtihani. Dukani ilikaa vizuri mfukoni. Uwanjani, risasi ileile ikitoka kwenye bastola ya gramu 500, nishati ya teke lake ni karibu mara mbili ya ile ya bastola ya kilo moja kama CZ 75. Na vilengeo vyake vimekaribiana. Chukua bastola yenye sentimita 16 kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele: ukikosea kwa milimita 1, kwa mita saba risasi inahama sentimita 4 na nusu hivi. Kama nafasi ni sentimita 11, inahama zaidi ya 6. Ndogo ni silaha ya aliyekwisha kujua kupiga, na kuiuza kwa anayeanza, kwa maoni yangu, ni kumwonea.

Kwa zenye nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi iwake, kama Beretta 92 na CZ 75, ichunguzeni risasi ya kwanza peke yake. Nyundo ikiwa imelala, triga ni nzito na ndefu. Zinazofuata ni nyepesi, kwa kuwa slaidi imeshasimamisha nyundo. Ukipiga kumi mfululizo utaona kundi zuri na risasi moja imeanguka chini. Hiyo moja ndiyo ambayo ungeihitaji siku ya shari. Basi laza nyundo baada ya kila risasi na upige "ya kwanza" kumi. Beretta ina kitasa cha kuilaza. CZ 75 ya kawaida haina, unaishusha kwa kidole gumba juu ya chemba iliyojaa, na kidole kikiteleza silaha inalia. Acha mkufunzi akuonyeshe hilo kwanza ikiwa tupu.

Revolva ina faida zake: risasi ikigoma unavuta triga tena, silinda inazunguka, maisha yanaendelea. Lakini aliyezoea bastola ya slaidi hunyoosha vidole gumba mbele, na kwenye revolva gesi ya moto hutoka kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu. Vidole vikae nyuma ya hapo. Kwenye ya slaidi kosa ni la upande wa pili: kidole gumba kikivuka nyuma ya slaidi, inarudi na kukichana.

Karatasi zikionyesha risasi nyingi chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, usikimbilie kusogeza vilengeo. Unashtuka kabla ya mlio. Kuthibitisha, mpe mkufunzi magazini aijaze risasi tano na kati yake aingize mbili bandia, wewe usijue zipo wapi. Zikifika hizo bandia bastola hailii, na kila mtu anaona mtutu ukichovya chini. Bastola inayokufanya uchovye kidogo kuliko nyingine, hiyo iwekee alama.

Kukwama nako kuna ujumbe, ila msome vizuri. Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi, mara nyingi kifundo cha mkono kimelegea: bastola imerudi nyuma nzima, slaidi ikakosa kitu cha kuipinga, ikarudi nusu. Mwenzako mwenye mkono imara aipige hiyohiyo. Ikimpitia safi, tatizo ni mshiko wako au bastola hiyo haikufai. Ikimkwama naye, kagua midomo ya magazini kama imepinda, kisha mafuta. Vumbi la Oktoba na mafuta mengi hugeuka tope ndani ya reli za slaidi. Tone moja kila reli linatosha.

Mawili hayana mjadala. Ukivuta triga ikasema "tik" bila kulia, iache ielekee shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, maana baruti iliyochelewa huweza kuwaka. Ukisikia mlio hafifu, kama mtu aliyepuliza mdomo, simama. Risasi huenda imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itauvimbisha au kuupasua. Kwa bastola kuukuu, mwombe muuzaji aifungue utazame mtutu kwenye mwanga: pete nyeusi katikati ni alama ya uvimbe wa namna hiyo. Iache.

Nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo laini. Msione kichuguu mkadhani Mungu amewajengea. Kikikaushwa na jua huwa kigumu, na kinaweza kurudisha kipande. Risasi ya bastola husafiri zaidi ya kilometa moja, na ng'ombe wa watu wanalisha huko.

Kesho tunaanza saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali. Vaeni viatu vya kufunika, kofia yenye ukingo, na nguo iliyofunga shingoni. Ganda linatoka likiwa la moto, na likiingia kifuani mtu hurukaruka akisahau kilicho mkononi. Kina mama, mtandio uacheni kwenye gari. Msile chochote uwanjani, kwa sababu ya vumbi la risasi, ambalo lina madini ya risasi (lead), nayo ni sumu. Nawa kwa sabuni na maji baridi kwanza, ndipo uguse chapati. Haya, maswali. Mama mwenye kitenge cha bluu, ulinyoosha mkono tangu tulipokuwa kwenye springi.