Maharage yanafanya kazi ukishamaliza kula

Haya ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo maana hii maiki ina tabia ya kukatika katika. Nimeombwa niongelee kunde na sukari ya damu, na nikisema kunde nina maana jamii yote, maharage, dengu, choroko, mbaazi, njegere, soya na wenzao. Najua wengi mmekuja na swali moja tu, yaani ni kitu gani hasa ndani ya maharage kinachoshusha sukari, na je kinapatikana kwenye kapsuli. Swali lenyewe silipendi, na nitawaambia kwa nini.

Tuanze na punje moja. Chukua haragwe lililoiva vizuri, liponde kwa vidole, weka kidogo chini ya darubini. Utategemea kuona uji wa wanga tu lakini wapi, unaona seli nzima nzima zimeachana moja moja, na kila seli imefungia chembe zake za wanga ndani. Kupika kumelegeza ile pektini inayoshikanisha seli na seli, ila ukuta wa seli wenyewe umebaki umesimama. Sasa amilesi, kile kimeng'enya cha kuvunja wanga, ina kazi ya kupita huo ukuta kwanza, inachelewa, na glukosi inaingia kwenye damu taratibu. Kwenye mkate mweupe hakuna ukuta wa maana uliobaki, ngano ilishasagwa na kukobolewa zamani. Na hii inaeleza pia kwa nini ukisaga dengu zikawa unga laini kabisa sukari inapanda haraka kuliko ukila dengu zilezile zikiwa nzima, kemikali hazijabadilika, kilichovunjika ni umbile.

Mtu aliyetufungua macho hapa ni mtafiti wa lishe David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, waliotoa ile orodha ya kwanza ya fahirisi ya glaisemia, yaani kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, mwaka 1981, vyakula 62, glukosi tupu ikiwa 100. Mkate mweupe kwa vipimo vya sasa unazunguka 75, dengu kama 30 hivi, soya chini ya 20. Sawa, hiyo wengi mnaijua. Kinachonivutia mimi zaidi ni walichotoa mwaka uliofuata, 1982: watu walikula dengu asubuhi, siku nyingine wakala mkate, halafu mchana wote wakapewa chakula kilekile. Siku waliyokula dengu asubuhi, sukari yao ya mchana haikupanda sana kama siku ya mkate. Mchana! Dengu zilikuwa zimeliwa masaa manne kabla, na chakula cha mchana hakikuwa na dengu hata moja. Sehemu ya maelezo ni ule usagaji wa taratibu, lakini sehemu nyingine iko huko chini, kwenye utumbo mpana.

Kule kuna wapangaji. Kunde zina sukari za aina ya rafinosi, stakiosi na vabaskosi, na sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuzikata, hatukuzaliwa nacho, kwa hiyo zinapita tumbo, zinapita utumbo mwembamba wote, zinafika chini zikiwa nzima pamoja na nyuzinyuzi na ule wanga uliogoma kusagwa. Bakteria wanazipokea kwa shangwe. Wanazichachusha, na hapo ndipo inatoka haidrojeni, kabonidioksaidi, na kwa baadhi yetu methani, basi mnacheka kwa sababu mnajua naongelea nini, lakini ule ushuzi mnaouonea aibu ni risiti ya kazi iliyofanyika. Kwenye uchachushaji huohuo zinatoka asidi za mafuta fupi, yaani asetati, propionati na butirati. Butirati ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Halafu hizi asidi zinagusa seli fulani za utumbo ambazo zikiguswa zinamwaga homoni mbili, GLP-1 na PYY, moja inasaidia kongosho itoe insulini sukari inapopanda na zote zinampa mtu hisia ya kushiba. Mmesikia hizi sindano za semaglutaidi, za kisukari na kupunguza uzito, ambazo dunia nzima inazizungumzia? Zinaiga hiyohiyo GLP-1. Sisemi sahani ya maharage ni sawa na sindano, dozi ya sindano ni kubwa na inakaa mwilini siku nyingi, nguvu yake hailingani kabisa, nasema tu njia wanayoipita ni moja.

Sasa kwa nini tusitoe hicho kitu kimoja tukakiweka kwenye kidonge? Angalia soya. Ina daidzeini, moja ya isoflavoni, yaani kemikali za asili za mimea. Ukiila, bakteria fulani wanaweza kuigeuza ikawa ekuoli, ambayo ina nguvu zaidi mwilini kuliko mama yake. Ila si kila mtu ana hao bakteria, kwa watu wa nchi za Magharibi ni kama robo au theluthi tu, kwa Wajapani wanafika nusu na zaidi kidogo. Maana yake watu wawili wakimeza kapsuli moja ya soya, mmoja anapata ekuoli, mwenzake hapati kitu. Na kwenye lebo hakuna sehemu iliyoandikwa "inategemea bakteria wako".

Au angalia kile kizuizi cha amilesi kilichomo kwenye maharage mabichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani vidonge vyake vilishika soko kweli kweli, kula wanga unavyotaka, kidonge kitauzuia. Mwaka 1982 watafiti wakapima, wanga ukasagwa kama kawaida, na mwaka huohuo serikali nayo iliagiza viondolewe sokoni. Siku hizi kuna vilivyosafishwa vizuri zaidi na vina matokeo kidogo, lakini kidogo kweli. Na tafadhali mtu asiende nyumbani akasaga maharage mabichi anywe eti anatafuta hicho kizuizi, maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ambayo punje nne tano zinatosha kukutapisha ndani ya saa chache. Loweka, mwaga maji, chemsha yatokote haswa, si moto wa kubembeleza, maana joto la chini linaweza kuongeza sumu badala ya kuiua.

Sasa mtaniambia, mbona wewe unakataa vidonge wakati dawa namba moja ya kisukari aina ya pili imetoka kwenye mmea wa jamii ya kunde? Kweli kabisa, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote leo. Kuna mmea unaitwa Galega officinalis, binamu wa maharage, una galejini, inashusha sukari kweli lakini ni sumu, kule Utah uliletwa mwaka 1891 ukitegemewa uwe malisho, ukawa gugu linaloua kondoo. Wanakemia wakafuata njia ya hiyo galejini na ndugu zake, metformini ikatengenezwa Dublin mwaka 1922 na ikakaa tu kabatini, mpaka Mfaransa Jean Sterne alipoitumia kwa wagonjwa na kuandika matokeo mwaka 1957. Uingereza wakaanza nayo 1958, Marekani mpaka 1995. Miaka yote hiyo tumefundishwa inafanya kazi kwenye ini, na ni kweli, lakini mwaka 2017 watafiti walichukua kinyesi cha watu walioitumia miezi minne, wakawapandikizia panya wasio na bakteria, na panya wakaanza kuimudu glukosi vizuri zaidi. Panya hawakumeza dawa. Kwa hiyo hata hiyo molekyuli moja, safi, iliyotoka maabara, sehemu ya kazi yake inapitia kwa wapangaji walewale.

Matarajio yenu yawe ya kawaida lakini. Jenkins huyohuyo mwaka 2012 alichukua watu 121 wenye kisukari aina ya pili, nusu wakala kikombe cha kunde kila siku kwa miezi mitatu, nusu wakaongeza nyuzinyuzi za ngano. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, ilishuka asilimia 0.5 kwa wa kunde, 0.3 kwa wa ngano. Ndogo, ndiyo, ila wengi wao walikuwa tayari wanatumia dawa, na presha pia ilishuka.

Kaka pale nyuma ameuliza kuhusu gesi. Anza na vijiko viwili vitatu kwa siku, si bakuli, wiki chache bakteria wanajipanga na kwa watu wengi inapungua yenyewe. Mwenye matatizo ya figo aongee kwanza na daktari wake, kunde zina potasiamu nyingi.

Na mama uliyeuliza uwatu, nao ni wa jamii hiihii, una nyuzinyuzi zinazovimba zikawa kama ute na kuchelewesha glukosi kuingia. Ila kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, usiuongeze kimyakimya, pima sukari mara nyingi zaidi hizo siku za mwanzo na umwambie anayekuandikia dawa, kwa sababu dozi uliyopewa ilipangwa kwa chakula ulichokuwa unakula zamani.