Zege Halilali, Tathmini Imelala

Mhadhara kwa wahandisi vijana na wanafunzi wa mazingira

Nakushukuru, Mwenyekiti. Walionisikia mahali pengine wanajua nitaanza na Kihansi, ule mradi wa umeme wa maji wa Tanzania uliokausha makazi ya chura mdogo, na nawaona wengine wameshaanza kunong'onezana: "chura huyo anakuja." Ndiyo, anakuja. Nimemsema miaka mingi na sitachoka kumsema, mpaka nione mradi mkubwa wa umeme ambao masharti yake ya mazingira yameandikwa kabla mkandarasi hajashusha mitambo yake.

Mafundi wana msemo wao: zege halilali. Likishakorogwa linamwagwa, iwe mvua iwe usiku. Msemo huo sina ugomvi nao. Ninacholalamikia ni kwamba tumeutoa kwenye eneo la ujenzi tukaupeleka maofisini. Siku hizi mkataba haulali, mkopo haulali, tarehe ya uzinduzi hailali. Kinachoruhusiwa kulala ni faili la tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara ya mradi kabla haujajengwa, na likilala linalala fofofo.

Haya, Kihansi. Habari za mgao wa umeme wa miaka ya 1990 siwasimulii, waulizeni wazazi wenu. Pale kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa mto unateremka zaidi ya mita 800 kwa umbali mfupi. Mhandisi akisimama pale haoni maporomoko, anaona megawati. Unaziba mto kule juu, unapitisha maji kwenye handaki ndani ya mwamba, yanazungusha mashine tatu za megawati 60 kila moja, kisha unayarudisha mtoni huku chini. Bwawa lenyewe ni dogo. Nasema mpaka leo kwamba ule ni mradi mzuri, na naomba mliandike hilo, maana mhadhara huu ukiisha hakosekani wa kusema mimi napinga maendeleo.

Sasa, kati ya pale maji yanapoingia handakini na pale yanapotokea kuna kipande cha mto kinachokaushwa. Kwenye kipande hicho ndiko yaliko maporomoko, na chini yake palikuwa na manyunyu yanayolowesha majani na mawe usiku na mchana, masika na kiangazi. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta 2 tu. Uwanja wa mpira mmoja unakula karibu ekari mbili, basi chukueni viwanja vichache, hapo ndipo dunia nzima ya chura huyu ilipoishia. Ni wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita 3, na hatagi mayai kama vyura mnaowajua. Anazaa watoto waliokamilika, wadogo kiasi kwamba mmoja anakaa juu ya kucha yako na nafasi inabaki.

Tathmini ya mwanzo haikumwona. Alipatikana mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshika kasi, na wanasayansi wakampa jina lake rasmi, Nectophrynoides asperginis, mwaka 1999, karibu wakati uleule mashine zilipoanza kuzunguka. Hebu tulieni hapo kidogo. Tunamjua jirani siku tunapomkatia maji. Kiasi cha sehemu tisa kwa kumi za mto zikaingia handakini, na manyunyu yakakoma.

Kilichofuata mhandisi hakukiweka kwenye bajeti yake. Yakatandazwa mabomba korongoni yenye vinyunyizio vidogo vya kurusha ukungu wa maji, ili binadamu aigize kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakatunzwa Toledo pia. Wengi walikufa kabla wataalamu hawajajua jinsi ya kuwalea. Huku nyumbani, mwaka 2003, idadi iliyokuwa ya maelfu ikaporomoka kwa miezi michache. Wapo wanaotaja ugonjwa wa kuvu wa ngozi, wapo wanaotaja tope lililofunguliwa bwawani, na yawezekana vyote viwili vilikutana kwa kiumbe aliyekwisha dhoofu. Porini alionekana mara ya mwisho 2004, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wakarudi vyura 100, kwa ndege, wakawekwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwa maelfu, na atakayeingia kuwatazama anasafisha kwanza viatu vyake kwa dawa asiwapelekee kuvu.

Na fedha? Kujenga tulikopa Benki ya Dunia. Kurekebisha mazingira ya Kihansi tukakopa tena, palepale. Mnaosoma uchumi mtanisaidia: mradi mmoja, mikopo miwili, wa pili kwa sababu swali halikuulizwa kabla ya ule wa kwanza.

Hapa huwa anasimama mtu, na kama leo hajasimama ni kwa adabu tu, akauliza: "Ndugu, wananchi wanataka taa, wewe unatuletea chura. Chura anawasha taa?" Hawashi. Lakini chura naye hajawahi kuzima taa. Kihansi inafua umeme hadi leo, na hakuna aliyebomoa bwawa. Wanaodhani udhibiti wa mazingira unataka kufunga mitambo waniambie ni mashine ipi kati ya zile tatu ilifungwa kwa ajili ya chura. Kilichokuwa mezani tangu mwanzo ni namba moja: mita za ujazo ngapi kwa sekunde zibaki mtoni? Namba hiyo ukiipata kabla ya usanifu, unachagua mashine, unapanga handaki na unapiga hesabu ya mapato ukiwa umeshaitoa. Ukiipata baada ya kujenga, kila lita unayoirudisha mtoni unaiona ni hasara, na meneja wa kituo atapigana nawe kwa kila lita. Simlaumu. Amekabidhiwa malengo ya uzalishaji yaliyopigwa kana kwamba maji yote ni yake. Ni fundi cherehani aliyekata kitambaa kwanza, kisha akamwita mteja aje kupimwa.

Mwingine atasema Ulaya walichafua kwanza, wakatajirika, ndipo wakasafisha. Hoja hiyo naisikia kila mahali, na huwa inatolewa na watu wenye shahada, jambo linalonisikitisha zaidi. Walisafisha kwa fedha zao. Sisi tumeshaona tunasafisha kwa fedha za nani. Tena moshi unaweza kuupunguza ukishatajirika, ila kiumbe anayeishi kwenye hekta 2 akiisha ameisha.

Baada ya Kihansi tulipata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ni sheria nzuri, nawaambia bila kumung'unya maneno. Inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza au haujapatiwa fedha. Kabla ya fedha! Bunge liliona mbali. Ukishasaini mkopo, riba inahesabika kila siku ofisa wa mazingira anaposoma ripoti, na ofisa huyo anajua simu itakayolia inatoka wapi.

Ila sheria haijisomi. Mwekezaji ndiye anayemtafuta mshauri mwelekezi, mtaalamu wa kuandika tathmini, na ndiye anayemlipa. Mshauri anajua kazi ijayo itatoka kwa wawekezaji, haitatoka kwa kenge wala mikoko. Nikitaja mikoko nakumbuka ripoti moja niliyopewa kuisoma, mradi wenyewe ni wa milimani, na ndani yake kuna ukurasa mzima unaoahidi kulinda mikoko. Mikoko, mlimani! Mtu alinakili ripoti ya pwani, akabadilisha jina la mradi, akasahau kurasa za katikati. Na ripoti ilikuwa imegongwa mihuri yote. Sasa niambieni, waliogonga walisoma nini?

Kwa hiyo mimi sitaki sheria mpya. Kila nikizungumza kuna kijana ananiletea rasimu ya sheria mpya. Nataka mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Fedha ya mshauri ipitie kwa mdhibiti: mwekezaji aweke, mdhibiti ateue, ili mshauri asijue uso wa anayemlipa. Na usanifu ukibadilika, tathmini irudi nyuma. Ukihamisha ukuta wa bwawa, ukibadilisha kiasi cha maji, cheti cha mazingira cha zamani ni karatasi ya kufungia maandazi.

Halafu masharti yapimwe. Cheti kinasema "mwendeshaji atahakikisha mtiririko wa kutosha." Wa kutosha nani? Sharti lisilo na namba, lisilo na kifaa cha kupimia kwenye mto na mtu wa kukisoma, ni dua. Na vipimo vibandikwe mahali ambapo mvuvi na mwenyekiti wa kijiji wataviona, wasivisikie kwa msemaji.

Nimetumia muda mwingi kwa Kihansi, najua, Mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Niruke.

Usangu. Hapa nawageukia wale wanaodhani mazingira na nishati ni maadui. Vituo vya umeme vya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, vyote vinategemea mto Ruaha Mkuu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kisa kikubwa ni maji yanayochepushwa kule juu, bonde la Usangu, kwa ajili ya mpunga. Mgao wa 2006 mnaukumbuka. Ukame ulikuwepo, sikatai, lakini ukame ukikuta bonde lililosimamiwa vizuri hauumi vile. Mwaka huohuo wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu, na mwaka 2008 sehemu ya eneo hilo ikaunganishwa na hifadhi. Wengi waliumia, na wakati huohuo mifereji isiyo na milango iliendelea kunywa maji. Udhibiti wa aina hiyo siutetei hata kidogo. Kumfukuza mtu mwenye ng'ombe ni rahisi, kumfungia mtu mfereji ni kazi, tukachagua lililo rahisi. Bodi ya maji ya bonde inatoa vibali, lakini kibali kinachosema lita kadhaa wakati mferejini hakuna kipimo tunarudi kwenye dua.

Lamu, Kenya, haraka haraka. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya (National Environmental Tribunal) ilifuta leseni yake, na sababu mojawapo ni kwamba mikutano na wananchi ilifanyika kabla ya uchunguzi wenyewe, kwa hiyo watu hawakuwa na ripoti ya kuijadili. Mnaona? Kihansi tulichelewa kuuliza, Lamu waliwahi kuuliza kabla hakijakuwepo cha kuulizia, na wote wawili walipoteza muda. Mwekezaji anayelalamika kwamba udhibiti unamchelewesha ahesabu miaka aliyoipoteza mahakamani.

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, nilitaka kulitengea nusu saa. Niseme tu: limejengwa, linafanya kazi, na mjadala wa lijengwe lisijengwe umepitwa na wakati. Swali lililobaki ni ratiba ya kufungulia maji. Wakulima wa Rufiji wanalima kwa kufuata mafuriko ya mto, na mikoko ya delta inahitaji maji baridi na tope. Ratiba hiyo iandikwe kwa namba, itangazwe, na mtu wa Kibiti aijue kabla hajapanda.

Mkaa nimeuacha. Ni mada ya siku nzima, na kusema kweli ndiyo nishati ambayo wengi wetu tunapikia huku tukijadili megawati. Atakayeuliza nitamjibu.

Maswali basi. Kuna mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja wafugaji wa Usangu na hajaushusha. Mpeni kipaza sauti, tuanze naye.