Kwa nini Wafilipino ninaoishi nao wanaupenda ubepari

Habari zenu ndugu zangu, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, na nyinyi wa Muscat na Dubai mnaofanya kazi bega kwa bega na Wafilipino. Karibuni. Niko Quezon City, hapa Ufilipino, hapo nyuma yangu ni barabara ya EDSA, kwa hiyo mtanisamehe kwa honi.

Leo nina jambo ambalo kwetu ukilitamka kijiweni watu wanakukodolea macho. Nimetokea kuupenda ubepari, na walionifundisha si Wamarekani. Ni Wafilipino, tena si wale wenye majumba ya Makati. Mwalimu wangu wa kwanza ni mama mkwe wangu, mwenye kiduka kwenye dirisha la sebule yake.

Viduka hivi wanaviita sari-sari, viko kila mtaa. Ukikiona chake utadhani umefika kwa Mangi. Dirisha lina wavu, paketi ndogondogo za shampuu na kahawa zimening'inia mistari kwa mistari, sigara anauza moja moja, mafuta ya kula anapima, siki iko kwenye vifuko, salio la simu unarushiwa hapohapo. Pembeni kuna daftari la wanaokopa. Anafungua alfajiri, anafunga akichoka. Mke wangu amembembeleza mara nyingi aache, aje akae kwetu apumzike. Jibu lake ni moja: "Hapa bei napanga mimi."

Ili muelewe uzito wa maneno hayo, lazima mjue alikotoka. Mama ni wa Negros, kisiwa cha miwa. Mwaka 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi, na miaka iliyofuata biashara kubwa zikaanza kugawiwa watu wake wa karibu. Sukari ikaangukia kwa Roberto Benedicto, rafiki yake tangu chuo kikuu. Shirika moja, NASUTRA, likawa ndilo linalonunua na ndilo linalouza nje. Hupendi bei yake? Huna pa kupeleka mzigo wako. Kwenye minazi ni hivyohivyo: mkulima anakatwa tozo akiuza mbata, na fedha inakwenda kwenye benki na makampuni yaliyoshikwa na watu wa ikulu.

Katikati ya miaka ya 1980 bei ya sukari ikaporomoka duniani, na Negros ikaingia njaa. Njaa kwenye kisiwa chenye ardhi nzuri namna ile! Vibarua wa mashamba hawakuwa hata na kijisehemu cha kupanda mihogo. UNICEF ilibidi ije kulisha watoto. Septemba 1985 watu waliandamana mjini Escalante, wakamiminiwa risasi, wakafa wapatao ishirini. Mama akifika hapo kwenye hadithi huwa ananyanyuka, anakwenda kupanga bidhaa zake.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, huo si ndio ubepari wenyewe, mabwanyenye na mashamba yao? Mimi nakataa kabisa. Ile ilikuwa biashara ya kibali. Unafanya kwa sababu mkubwa kakuruhusu, na mwenzako hafanyi kwa sababu mkubwa hamjui. Soko ninalolisifia mimi ni lile ambalo mtu mwingine yeyote anaweza kuingia akashindana na wewe bila kupiga magoti kwa mtu.

Februari 1986 watu walijaa kwenye barabara hii mnayoiona, siku nne, wakasimama mbele ya vifaru, Marcos akakimbilia Hawaii. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, kwetu Mzee Mwinyi alikuwa ameapishwa, na wakubwa wetu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari zilivyokuwa kabla ya ruksa. Nchi mbili zisizofanana, moja ya ujamaa, nyingine ikijiita rafiki wa Marekani, na mwananchi wa kote kuwili alikuwa akisubiri mtu mwingine amwamulie.

Hata Marcos alipoondoka, simu ziliendelea kuwa karibu zote mikononi mwa kampuni moja. Watu walisubiri laini miaka. Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa zamani wa Singapore, alikuja hapa Manila mwaka 1992 akawasema hadharani: karibu wote wanasubiri kuunganishiwa simu, na wachache walionazo wanasubiri ziite mlio. Mwaka uliofuata Rais Fidel Ramos akatoa amri kwamba makampuni ya simu lazima yaunganishane, akafungua mlango kwa wapya. Ushindani ukaingia, meseji zikawa karibu bure, Wafilipino wakawa watu wa kutumiana meseji kuliko karibu taifa lolote.

Na kilichofuata ndicho kinachonisisimua kila nikikisimulia. Januari 2001 maseneta waliokuwa wakisikiliza kesi ya kumwondoa Rais Joseph Estrada walipiga kura bahasha ya ushahidi isifunguliwe. Usiku uleule meseji zikaanza kuruka kutoka simu hadi simu: njooni EDSA, vaeni nyeusi. Siku nne baadaye Estrada katoka ikulu. Enzi za kampuni moja na laini ya kusubiri miaka, nani angemwita nani? Mtu aliyenunua simu yake kwa hela yake, kwa kampuni aliyoichagua, ndiye aliyeitumia kumwambia rais inatosha. Kwangu uhuru wa kununua na uhuru wa kusema ni kitu kimoja, na hapa niliona kwa nini.

Mtaniuliza, kama mambo ni mazuri mbona Wafilipino wamejaa Ughaibuni? Swali la haki. Mwaka 2023 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 37, na nyuma ya fedha hiyo kuna watoto wengi wanaolelewa na bibi zao. Inauma. Lakini sababu mojawapo ni kwamba milango mingi bado imefungwa. Katiba ya 1987 iliwabana wageni wasizidi asilimia 40 kwenye huduma za umma na ardhi, na waliofaidi kinga hiyo ni familia chache tajiri, wala si mwenye kiduka. Ni mwaka 2022 tu sheria mpya iliporuhusu wageni kumiliki kikamilifu makampuni ya simu na ndege. Shemeji yangu, anayefanya kazi za usiku kuhudumia wateja wa Marekani kwa simu, anasema wamechelewa miaka thelathini. Nami naungana naye.

Lipo moja ninalolipinga waziwazi: waajiri wanaomkatisha kibarua mkataba kabla ya miezi sita, ili asije akawa mwajiriwa wa kudumu. Serikali imeahidi mara nyingi kulikomesha, bado lipo. Video ijayo nakwenda soko la Divisoria, niwasikilize wabebaji mizigo na wenye vibanda juu ya hilohilo. Nitumieni maswali yenu mapema.