Gari la Apple: Lilisemwa, Lilikuwapo, Halikuja

Ahsanteni, na habari za jioni. Mada niliyopewa ni tetesi za teknolojia kwa jumla, lakini mambo ya jumla yananichosha haraka, kwa hiyo nitachukua tetesi moja tu. Ni ile ya gari la umeme la Apple. Ilivuma kwa takriban miaka kumi, ikathibitika kuwa ya kweli, na gari lenyewe halikuwahi kuuzwa hata moja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwapo. Halikuja.

Mwanzo wake nitaupitia kwa haraka. Mwaka 2014 Apple ilianza kukusanya wahandisi kwa mradi uliokuja kujulikana kwa jina la Titan. Februari 2015 magazeti ya Financial Times na Wall Street Journal yakaandika habari hizo karibu kwa wakati mmoja. Mwezi huohuo watu wa California wakaanza kupiga picha magari ya abiria yenye kamera juu ya paa, yaliyokodishwa na Apple, wakashangilia: ndilo hilo! Kumbe yalikuwa yakikusanya data za ramani. Kwa hiyo wengi waliamini jambo la kweli kwa ushahidi usiohusika nalo. Hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kampuni yenyewe ilinyamaza. Hakuna mkuu wa Apple aliyewahi kupanda jukwaani na kusema, "Tunatengeneza gari." Sasa uhakika tuliupata wapi? Wengi watajibu: kwa watu wa ndani, wale wasiotajwa majina. Mimi nawapa nafasi ya pili. Waliotuhakikishia ni makarani. Ni mahakama, idara za serikali na masoko ya hisa, yaani mahali ambapo sheria haikuruhusu kunyamaza.

Fikirini tofauti ya simu na gari. Simu mpya unaweza kuijaribu chumbani, mapazia yamefungwa. Gari lazima litoke. Linahitaji barabara ya umma, namba za usajili, dereva mwenye leseni, bima, watu wa kukuuzia vioo, viti na betri. Kila hatua ina fomu yake, na kila fomu ina mtu anayeisoma.

Fomu ya kwanza ilikuwa ya kesi. Februari hiyohiyo ya 2015 ilijulikana kwamba A123 Systems, kampuni ya betri, imeishtaki Apple huko Massachusetts, ikidai inanyakuliwa wataalamu wake. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano. Lakini A123 ilijulikana kwa betri kubwa, zikiwemo za magari. Mtu wa simu alikuwa akitafuta nini kule?

Kisha Novemba 2016 Apple ikaandika barua kwa NHTSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama barabarani nchini Marekani. Ilisema inawekeza sana katika mashine zinazojifunza na mifumo inayojiendesha, usafiri ukiwemo, na ikaomba wanaoingia upya kwenye sekta wapewe haki sawa na watengenezaji wa zamani. Asiye na shamba haulizi bei ya mbegu. Aprili 2017 idara ya magari ya California ikaitaja Apple kwenye orodha ya wenye kibali cha kujaribu magari yanayojiendesha: magari matatu aina ya Lexus RX450h na madereva sita. Miezi miwili baadaye Tim Cook, aliyekuwa mkuu wa Apple wakati huo, alikubali hadharani kwamba kampuni inashughulikia mifumo inayojiendesha. Gari, hakulitaja kama bidhaa.

Kibali hicho kilikuwa na sharti ambalo mimi nalipenda kuliko tetesi zote. Mwenye nacho hutakiwa kuripoti kila mwaka magari yake yametembea umbali gani, na ni mara ngapi dereva alilazimika kuinyang'anya kompyuta usukani. Ripoti hizo hutangazwa. Ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba magari ya Apple yalikuwa yakiingiliwa takriban mara moja kila maili 1.1, yaani chini ya kilomita mbili. Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha na dada wa Google, iliripoti zaidi ya maili 11,000 kati ya tukio moja na lingine.

Nawasikia mnaguna. Ngojeni kidogo. Kila kampuni ilihesabu kwa namna yake, na Apple ilijieleza kwamba ilikuwa ikihesabu kwa tahadhari kubwa. Kwa hiyo msiondoke hapa mkisema Waymo iliizidi Apple mara elfu kumi; huo utakuwa uvumi mpya. Lakini hata ukipunguza kwa ukarimu wote ulio nao, pengo linabaki. Wakati huo wachora picha walikuwa wakitupambia magari yasiyo na usukani, yenye viti vinavyotazamana kama sebuleni. Ripoti ya serikali, isiyo na picha hata moja, ilikuwa imetuambia kwamba kazi bado mbichi.

Mwaka huohuo, Julai, FBI ilimkamata mhandisi aliyekuwa ameacha kazi Apple, kwenye uwanja wa ndege wa San Jose, kwa tuhuma za kuiba siri za kibiashara. Hati ya mashtaka ilieleza kwamba wafanyakazi wapatao 5,000 walikuwa wamefahamishwa kuhusu mradi, na takriban 2,700 kati yao waliruhusiwa kuingia kwenye hifadhi zake za data. Ona kejeli yake: kampuni ilikwenda kwa vyombo vya dola kulinda siri, na kwa kufanya hivyo ikaianika. Watu elfu tano! Hakuna mtu wa ndani aliyewahi kutupa namba yenye uzito huo.

Sasa twende Korea Kusini, kwa sababu huko tetesi iligeuka fedha. Januari 2021 habari zilitoka kwamba Hyundai, mtengeneza magari wa huko, inazungumza na Apple. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Korea hudaiwa maelezo zinapovumishiwa jambo kubwa. Hyundai ikatoa tamko kwamba mazungumzo yapo, ni ya awali. Saa chache baadaye ikalirekebisha tamko, jina la Apple likatoweka. Sasa ilikuwa ikizungumza na "kampuni mbalimbali". Lakini soko lilikwisha kusikia, na hisa zilipanda karibu asilimia 20 kwa siku moja. Tarehe 8 Februari Hyundai na kampuni ndugu yake, Kia, zikatangaza rasmi kwamba hazina mazungumzo na Apple kuhusu gari linalojiendesha. Hisa za Kia zilianguka karibu asilimia 15. Aliyenunua kwa bei ya juu alinunua mazungumzo ya awali, na bei yake aliilipa kama ya kiwanda.

Kuna jambo moja ambalo tetesi zililikosea kila mara, nalo ni tarehe. Mwaka 2015 tuliambiwa gari litakuwa tayari 2019, wengine wakasema 2020. Mwaka 2016 ikawa 2021. Desemba 2020 ikawa 2024. Mwaka mmoja baadaye ikawa 2025, kisha 2026, na Januari 2024 ikawa 2028. Sidhani waandishi walikuwa wakitunga. Baadhi yao ni wa kuaminika sana. Nadhani walipewa tarehe za kweli, zilizoandikwa kweli kwenye karatasi za ndani. Lakini tarehe ya ndani ni mjeledi wa kuwakimbiza wahandisi. Ikifika nje, sisi huisoma kama ahadi.

Badala ya tarehe, mimi ningetazama mlango: nani anaingia, nani anatoka. Steve Zadesky, aliyeongoza mwanzoni, aliachia uongozi wa mradi 2016. Akaletwa Bob Mansfield, na kazi ikaelekezwa zaidi kwenye programu ya kuendeshea. Doug Field alirudi Apple akitokea Tesla, kampuni ya magari ya umeme, mwaka 2018, na Septemba 2021 akaenda Ford. Akashika Kevin Lynch, ambaye tulimfahamu kwa saa ya mkononi ya Apple. Sura ya gari nayo ilikuwa ikibadilika: mara linajiendesha kabisa bila usukani, mara usukani unarudi na pedali zake. Mradi unaobadilisha nahodha mara nyingi hivyo haujajua bandari yake, hata ukiwa na fedha za kuinunua.

Tarehe 27 Februari 2024 wafanyakazi karibu 2,000 waliambiwa mradi umefungwa, na wengi wao wangehamishiwa kwenye akili unde. Shirika la habari la Bloomberg ndilo lililotoa habari. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 28 Machi, Xiaomi, mtengeneza simu mwingine, ilizindua gari lake la SU7. Yenyewe ilikuwa imetangaza hadharani Machi 2021 kwamba itatengeneza gari, na imetenga dola bilioni 10 kwa miaka kumi. Msiharakishe kusema uwazi ndio uliozaa gari. Dyson, mtengeneza mashine za kufyonza vumbi, nayo ilitangaza gari lake mwaka 2017, na Oktoba 2019 ikaacha.

Kuna swali limeandikwa hapa: "Tutajuaje kwamba kweli Apple wameacha, na si kwamba wamejificha zaidi?" Swali zuri, na jibu lake ni lilelile la makarani. Septemba 2024 kibali cha Apple cha kujaribu magari California kilifutwa kwa ombi la Apple wenyewe, hali kilikuwa bado na miezi kadhaa ya uhai. Anayekusudia kurudi barabarani kesho hana haraka ya kurudisha kibali. Akitaka kukirejesha, atajaza fomu upya, na orodha hiyo huwa wazi kwa yeyote. Aliyeuliza swali anaweza kuitazama usiku huu huu kabla hajalala.