Siku ya 28: Mguu wa Mtoto Unavyoundwa Tumboni

(Mhadhara kwa wakunga, wanafunzi wa uuguzi na wazazi, Ujiji, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, wakunga, wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie miguu, nami naanza na ya mdogo wangu. Alizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, visigino vimenyanyuka. Majirani wakamuuliza mama yetu alimcheka kilema gani alipokuwa mjamzito. Swali hilo alilibeba miaka mingi. Nilipokwenda kusoma anatomia nililibeba na mimi, na leo nawaletea nilichokikuta.

Kwanza tukubaliane hesabu. Wakunga mnahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimi leo nahesabu tangu yai liliporutubishwa, kwa hiyo ongezeni wiki 2 kwenye kila umri wa mimba nitakaoutaja.

Siku ya 26 hivi, ubavuni mwa kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuundwa tumboni, hutokeza vichipukizi viwili vya mikono. Siku ya 28 huja viwili vya miguu, chini, mkabala na kiuno. Mikono ikitangulia imetangulia, miguu huifuata nyuma kwa siku chache hadi mwisho. Kiinitete kizima wakati huo hakifikii punje ya mchele. Mama amepitisha siku zake kwa wiki 2 tu, na wengine hata hawajashtuka.

Kwenye ncha ya kila kichipukizi kuna ukingo mwembamba wa seli za ngozi, na huo ndio unaoziamuru seli za chini yake ziendelee kukua. Tunajuaje? Mwaka 1948 Mmarekani John Saunders alifungua mayai ya kuku na kuukata ukingo huo kwenye bawa la kifaranga. Alipoukata mapema, likabaki pande la juu tu. Alipochelewa kuukata, bawa likakosa ncha peke yake. Maana yake kiungo hujengwa kuanzia juu kushuka chini: paja, kisha muundi, kisha unyayo, na kila siku ina kazi yake.

Kwa binadamu tulilijua hilo kwa uchungu. Kuanzia 1957 Ujerumani Magharibi iliuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, na wajawazito wakainywa kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamedhurika, wengi mikono au miguu yao ikiwa mifupi au haipo kabisa. Siku za hatari zilikuwa takriban ya 20 hadi ya 36. Dawa hiyo bado ipo, hutibu matatizo fulani ya ukoma na aina ya saratani ya damu, na ndiyo maana nawasihi wauguzi: kabla hujampa dawa mwanamke wa umri wa kuzaa, muulize alipata siku zake lini.

Wiki ya 6 mguu una bapa mwishoni, kama kafi la mtumbwi. Vidole havichipui kwenye bapa hilo kama matawi. Vinachongwa: seli zilizo kati ya kidole na kidole hufa kwa mpango, na kufikia mwisho wa wiki ya 8 vidole vimeachana. Kwa bata seli hizo huachwa hai, ndiyo maana anaogelea vile.

Sasa naomba msimame. Nyosheni mikono pembeni, vidole gumba vitazame juu. Miguu nayo huanza hivyo hivyo, imetoka ubavuni, upande wa kidole gumba ukiwa juu. Halafu mkono huzungukia nje na kiwiko kikaelekea nyuma, mguu huzungukia ndani na goti likaja mbele. Wavuvi, yale maumivu yanayotoka kiunoni yakashuka mguuni kwa mshazari, hayashuki wima kwa sababu neva na ngozi zilizungushwa pamoja na mguu. Kaeni, asanteni.

Mifupa huanza ikiwa gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio. Fupa la paja huanza kuwa mfupa kamili mwishoni mwa mwezi wa 2, lakini unyayo huchelewa mno. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya unyayo wake bado ni gegedu, laini.

Hapo ndipo narudi kwa mdogo wangu. Nyayo za kupinda humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000, wavulana karibu mara mbili ya wasichana, na katika koo nyingine hujirudia. Kicheko cha mama hakimo. Na kwa kuwa gegedu ni laini, mguu hunyooshwa. Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha namna: mguu unanyooshwa kwa mkono taratibu, unafungwa plasta ngumu, lile hogo, nalo linabadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo. Kisha viatu vyenye fito katikati: miezi 3 mchana na usiku, baada ya hapo wakati wa kulala hadi miaka 4. Wengi wanaorudi kupinda ni wale walioacha viatu mapema kwa sababu mtoto alilia, au kwa sababu aliyekuwa akimvalisha alisafiri. Baba, nanyi jifunzeni kuvifunga.

Bibi uliyeinua mkono pale mlangoni, umesema mjukuu wako ana miezi 8. Hujachelewa. Atahitaji subira zaidi kuliko wa wiki 2, basi. Jumatatu mpelekeni hospitali ya mkoa, mwulizie kliniki ya nyayo za kupinda, na mama yake aende naye. Mwambieni hakumcheka mtu.